Nyumbu Hazai

Kwetu Manga, baba haitwi baba. Baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata, na yule aliyekubeba tumboni ndiye baba. Mgeni akija akasikia mtoto analia "Baba! Baba!" humtafuta mwanamume wa boma, na mwanamume huyo hageuzi hata kichwa, kwa sababu hakuitwa yeye. Nalieleza hili mapema ili nisikatizwe na maswali huko mbele. Mzazi wangu wa kiume nitamwita tata, kama nilivyomwita siku zote, hata siku zile nilipotamani kumwita jina jingine.

Tata alikuwa mtu mfupi, rangi ya maji ya kunde, na masikio yake yalikuwa yametobolewa ujanani hata ndewe zikaning'inia. Alikuwa Msabato wa kweli kweli, hanywi chai wala hacheki ovyo. Zamani, miaka ya thelathini, kabla sijapata akili, alikwenda upande wa Sotik kuendesha nyumbu wa mlowezi mmoja. Alirudi na koti jeusi, Kiswahili cha leta na peleka, na somo moja ambalo alitufundisha mpaka tukalichoka.

"Farasi ni farasi, punda ni punda," alikuwa akisema huku akikata migomba. "Ukiwakutanisha, wanapata nyumbu. Nyumbu ana nguvu, ana kichwa kigumu, lakini hazai. Mungu amefunga mlango hapo."

Somo hilo halikumdhuru mtu mpaka dada yangu alipopendana na fundi cherehani.

Fundi alikuwa kijana wa mjini Kisii. Siku za soko alifunga cherehani yake kwenye baiskeli, akaja Keumbu, akashona barazani pa duka moja. Dada alimpelekea sare ya shule yangu apunguze pindo. Pindo lile lilipunguzwa mara nne, nami nikabaki na sare ya kuchekesha, magoti yote nje. Watu wa kwao fundi walikuwa Waislamu. Babu yake aliletwa kama askari wa serikali kutoka kaskazini ya mbali, akaoa huku, wanawe wakaoa kule, na katika nyumba yao ungeona mtu mweusi tii amekaa mkeka mmoja na ndugu yake mweupe mwenye nywele laini, na hakuna aliyeona ajabu. Mama yake fundi ndiye aliyekuwa mweusi kupita wote. Alikuwa mrefu hata akiingia nyumba zetu huinama, na kila shavu lilikuwa na chale tatu zilizoshuka sawasawa.

Walipokuja kuleta habari za posa, tata aliwatazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akasema kwa Kigusii, bila hata kupandisha sauti, "Hawa si abanto."

Abanto ni watu. Lakini katika mdomo wa wazee wetu neno hilo lilikuwa jembamba. Abanto tulikuwa sisi. Wengine wote walikuwa na majina yao. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwa kuwa nilikuwa shuleni na Kiswahili changu kilisimama kidogo. Yule mama mrefu akaniuliza, "Mzee amesema nini, mwanangu?"

"Anasema mmetoka mbali," nikajibu.

Hapo ndipo kazi yangu ya uongo ilipoanza. Walipokwisha kuondoka, tata alimwambia dada yangu mbele yetu sote, "Nenda kama unataka kwenda. Utazaa nyumbu." Dada akaenda. Mwaka uliofuata mama yetu akafa, na dada alikuja mazikoni na mume wake, wakasimama nje ya ua wa miti ya mitamaiyo mpaka udongo ukaisha. Tata hakumwangalia. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema hivyo.

Basi ikawa Jumamosi moja, mapema miaka ya hamsini, mimi nina umri kama wa miaka kumi na saba. Tulikuwa tunajitayarisha kwenda kanisani. Tata alikuwa amekwisha kuvaa lile koti la Sotik. Nikaona baiskeli inasukumwa kupanda kilima, na anayeisukuma ni shemeji, amelowa jasho hadi kiunoni. Hakuwa amekanyaga ua wetu tangu siku ile ya posa. Alisimama palepale langoni akazungumza nami, maana maneno ya kuzungumza na tata hakuwa nayo.

"Yuko hospitali tangu jana. Uchungu umemshika vibaya. Anaita baba yake. Usiku kucha, baba, baba. Mama amenituma, amesema mzee aje, hata kama ana hasira. Mtoto hawezi kumwita baba yake hivyo halafu asije."

Dada yangu hakuwa amemwita tata. Katika uchungu mtu harudii Kiswahili. Alikuwa akimwita mama yetu, aliyelala chini ya udongo nyuma ya nyumba. Watu wa mjini walisikia neno lao wakalielewa kwao.

"Anasema nini?" tata akauliza.

"Dada yuko hospitali, anazaa, hali yake mbaya. Anaita."

"Anamwita nani?"

Ningeweza kusema kweli. Kweli ingemfanya ashike Biblia yake aende kanisani. "Wewe, tata," nikasema. "Anakuita wewe."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaweka Biblia kwenye kigoda, akachukua fimbo, akatangulia.

Njia ile ya kushuka Manga hadi mjini sikuwahi kuiona ndefu vile. Tata alikataa kupanda baiskeli ya shemeji, akatembea mbele, na sisi wawili tukamfuata kama watu waliokamatwa. Moyoni nilikuwa napiga hesabu ya uongo wangu. Tukimkuta dada amekufa, tata ataishi akidhani binti yake alimwita naye akachelewa, kumbe hakuitwa kamwe. Tukimkuta hai, atasikia kwa masikio yake anayeitwa ni nani. Sikujua lipi baya zaidi. Niliomba tu awe hai, mengine nitayavaa mwenyewe.

Tulifika jua likiwa utosini. Yule mama mrefu alikuwa kwenye baraza ya wodi, amembeba mtoto mchanga ndani ya leso. Msichana, amezaliwa salama asubuhi ile. Lakini uso wa mama yule haukuwa uso wa mtu mwenye mjukuu. Kondo la nyuma lilikuwa limekataa kutoka. Daktari, Mhindi mmoja mwenye mikono myembamba, alilitoa kwa mkono, na damu ilikuwa imekwenda nyingi mno. Nilichungulia mlangoni. Dada yangu, ambaye alikuwa mweusi kunishinda, alikuwa amegeuka rangi ya majivu, na chini ya kitanda kulikuwa na karai ambalo nilijilazimisha kutolitazama.

Tata hakuingia. Sisi tuna chinsoni, haya za jamaa, na mzazi wa kiume hasimami mahali ambapo binti yake amejifungua. Alibaki barazani, karibu na dirisha, amewapa mgongo watu wote.

Dresa, yaani msaidizi wa daktari, alikuwa Mjaluo mrefu asiyependa maneno. Alitoka na kigae cheupe na sindano. "Anahitaji damu sasa. Sio kesho. Nani ndugu yake?"

Nilinyoosha mkono. Alinichoma kidole, akadondosha tone juu ya kigae, akachanganya na maji ya damu ya dada, akatikisa taratibu. Tone likakatika vipande vipande, kama maziwa mabichi yaliyotiwa ndimu.

"Yako imekataa," akasema.

"Imekataa vipi? Tumelala tumbo moja!"

"Tumbo moja ndiyo. Damu imekataa."

Akamchoma shemeji. Ikakatika. Hapo tata akageuka. Sikumtafsiria kitu, alikuwa ameona. Alikunja mkono wa koti, akaunyoosha mbele ya dresa kwa namna ya mtu anayemaliza jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo. Alikuwa na hakika. Mimi pia nilikuwa na hakika: huyu ndiye aliyemzaa.

Tone la tata likakatika kama yetu.

Aliinama akalitazama mpaka pua ikakaribia kugusa kigae. Akasema apimwe tena. Akapimwa tena, likakatika tena. Sijawahi kumwona tata akiwa mdogo namna ile, na ingawa nilimchukia, iliniuma.

Yule mama alikuwa amekwisha kunipa mtoto nimshike. "Mimi bado," akasema, na kidole chake kirefu kilikuwa tayari mbele ya sindano. Tone lake lilianguka kando ya vidoa vyetu vilivyokatika. Dresa akatikisa. Akatikisa tena. Likabaki laini, jekundu, limeenea sawasawa kama lilivyoanguka. Akamwita daktari, daktari akatazama, akatikisa kichwa kukubali.

Ungedhani mambo yalikwishia hapo. Yalianzia hapo.

Niliingia kumweleza dada. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilipomwambia ni damu ya nani, alifumbua macho, na alichokisema kwa Kigusii bado kinanisisimua mwili. "Nikitiwa damu ya mama yake, nitakuwa dada yake. Nitalala vipi nyumba moja naye? Hapana. Niacheni."

Asiye mtu wa kwetu atacheka. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, na anayelivunja hilo huleta maafa kwa watoto wake na watoto wa watoto wake. Dada hakuwa na kichaa. Alikuwa akifikiri vizuri sana kwa sheria tulizolelewa nazo: damu ya mama mmoja, basi ndugu wa mama mmoja. Alikuwa radhi kufa akiwa mke wa mume wake kuliko kuishi akiwa dada yake.

Nilitoka nikawaambia. Dresa hakucheka, kwao pia wanayajua mambo hayo. Yule mama naye hakucheka. Alikaa kitako kwenye sakafu ya baraza akafikiri. "Kwetu maziwa ndiyo hufanya hivyo," akasema polepole. "Watoto wakinyonya ziwa moja, hawaoani. Lakini ni mtoto mchanga, si mtu mzima. Habari ya damu sijaisikia. Mwambie mwanangu, kama ni dhambi, aniachie mimi."

Nilimwambia. Dada akatikisa kichwa kukataa. "Tata anasemaje?" akanong'ona.

Tata alikuwa amesikia kupitia dirishani. Nilipomfikia, alijibu kabla sijauliza. "Anasema kweli. Damu ikiingia, ni ndugu. Ndoa imekwisha."

Ndani, kitu kilidondoka kwenye karai. Nilisikia tone, kisha jingine. Na ile hasira niliyoilea tangu siku ya mazishi ikanipanda. Binti wa Kigusii hamfokei tata yake. Nilimfokea nikiwa nimembeba mtoto, watu wa wodi nzima wakisikiliza, na wakwe wa dada wasielewe neno.

"Tata, uliniambia hawa si abanto! Umeniambia mara ngapi? Farasi na punda! Sasa damu ya punda inawezaje kumfanya mtu awe dada? Ukinywa maziwa ya ng'ombe, ndama ni ndugu yako? Chagua moja. Kama hawa si abanto, damu hiyo ni dawa tu kama kwinini, haileti udugu, atiwe sasa hivi. Na kama inaleta udugu, basi ni abanto, na umemfukuza mtoto wako bure, na baba amekufa akimlilia bure. Chagua, tata. Lakini chagua upesi, maana anaisha!"

Mtoto akaanza kulia. Tata alitazama ile leso, kile kijitu chekundu kilichokunja ngumi, ambacho bado hakikuwa na rangi ya upande wowote. Alitazama kigae kilichoachwa ukingoni mwa baraza, matone manne yaliyokatika na moja lililosimama. Nilidhani atanipiga kwa ile fimbo, na nilikuwa tayari.

Akalisogelea dirisha. Hakutazama ndani. Alizungumza na ukuta.

"Binti yangu. Pokea. Ni dawa tu. Hiyo si damu ya abanto."

Hilo ndilo alilolichagua. Nilitaka kumtemea mate. Lakini ndani nilimwona dada akifumba macho na kulegeza mkono, kiganja juu, na daktari, asiye na habari ya maneno yetu, akaitisha chupa ya kukingia damu.

"Mzee amesema nini?" yule mama akaniuliza. Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni hadi begani.

"Anasema ahsante," nikajibu.

"Mwambie hakuna ahsante kwa mtoto," akasema, akaenda kulala kwenye benchi ili atolewe damu.

Baadaye nilikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi nimesimama mbele ya watoto nikiwaeleza kile nilichokiona juu ya kigae. Kwamba rangi ya ngozi ni kazi ya jua na vizazi vingi. Kwamba urefu, pua na nywele hubadilika kama vilima na mabonde yanavyobadilika, pole pole, bila ua katikati. Kwamba makundi ya damu hayajui kabila. Yametawanyika kwa watu wote, hata ndugu wa tumbo moja hugawana tofauti, na mgeni wa mbali akawa ndiye wa kundi lako. Na kwamba wanyama ni wa aina moja kama wakizaana na watoto wao wakazaa. Hapo ndipo huwaeleza habari za nyumbu. Tata alikuwa na somo sahihi kabisa, kosa lake lilikuwa kulipeleka mlango usio wake. Yule mtoto wa leso leo ana watoto sita na wajukuu, na analalamika kiuno. Mara nyingine nikimtembelea namwambia, "Nyumbu, umeamkaje?" naye hucheka mpaka analia, kwa sababu anaijua hadithi.

Lakini hii yote ni maneno ya ubao. Siku ile sikuwa na elimu hiyo. Nilikuwa na chupa iliyoning'inia, mpira uliopinda, na damu nyeusi nyeusi ikishuka tone kwa tone. Nilisimama mguuni pa kitanda nikiyahesabu matone hadi nikachanganyikiwa, nikaanza upya. Mara moja dada alitetemeka mwili mzima, na dresa akakimbia kushika mkono wake, akasubiri, akauachia. Nje, tata alikuwa hajakaa. Nilikiona kivuli chake kwenye pazia, palepale.

Chupa ya kwanza ikaisha. Alasiri ikaingia. Rangi ilianza kurudi midomoni mwake, kidogo, kama moto unaofukuta chini ya jivu. Yule mama alikuwa amelala saa moja tu kwenye benchi, akanywa chai ya sukari nyingi, akaja kukaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha mkwewe. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye mkono wake. Alikuwa akimpanguza uso kwa maji, chale zake za mashavu zikishuka na kupanda kila alipoomba dua.

Dada akafumbua macho. Hakututafuta sisi wengine. Alimtazama mwanamke yule aliyemwinamia, akamtazama sana, akasema waziwazi, "Baba."

Yule mama aliruka kwa furaha. "Anamwita! Alhamdulillahi, anamwita!" Akakimbilia mlangoni, mrefu kama alivyokuwa akasahau kuinama, akapiga kichwa kwenye kizingiti cha juu. "Mzee! Njoo, mzee, ingia! Mtoto anakuita. Anasema baba!"

Uongo wangu wa asubuhi ulikuwa umefika na kusimama mlangoni. Nilifungua mdomo nitafsiri, nigeuze, niseme chochote, lakini tata aliinua mkono wake mbele yangu. Kwa miaka miwili hakuwa amemwambia yule mama neno moja uso kwa uso. Sasa aliokota kile Kiswahili chake cha Sotik, neno baada ya neno.

"Hapana mimi," akasema. "Mimi tata. Yeye naita wewe."

Yule mama hakuelewa. Alinitazama mimi, nami sikuweza kumtafsiria, kwa sababu nilikuwa nalia. Nilikumbuka uani kwetu asubuhi, tata alivyoniuliza anamwita nani, na alivyonitazama nilipojibu. Lile "baba, baba" la shemeji alilisikia kwa masikio yake, na hakuna mtu wa Manga ambaye hajui mtoto wake humwitaje. Alijua tangu pale langoni kwamba hakuitwa, na aliweka Biblia chini akaja.